Karai la Mzee Njuguna na Tepu Isiyo na Kichwa

Nyinyi mnaochomelea vyuma siku hizi mnanichekesha. Mnavaa kofia yenye kioo kinachojitia giza chenyewe, mnapima kwa kimwanga chekundu kinachoruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na bado geti linakataa kufunga. Juzi nilikuwa steji ya 56, pale Kawangware, kumsalimia mpwa wangu. Nikaona kijana amelala chini ya gari anaunga chesisi, gari limekalia magurudumu yake yote manne, milango wazi, na mwenye gari ameketi ndani anakula mahindi ya kuchoma. Nilitaka kupita kimya kama mstaafu mwenye adabu. Nikashindwa. Nikainama nikamwambia, "Kijana, huyo jamaa akishuka, gari litabaki na umbo la makalio yake."

Hakunipenda. Lakini alimshusha yule mtu, na ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu siwezi kuinama chini ya kila gari la Nairobi. Mgongo umekataa.

Mimi ni Mutua, Mkamba wa Machakos, na sehemu kubwa ya maisha yangu nilifanya kazi Kawangware na kulala Kambi Muru, kule Kibera. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya steji ya 56, katikati ya saluni ya akina mama na duka la Macharia la rangi na misumari. Nasema chetu kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na Ouko, kila mtu na upande wake. Kiwanja kilikuwa cha Mzee Njuguna, mwenyeji hasa, aliyezaliwa pale wakati Kawangware ilikuwa mashamba ya viazi. Mnaomjua mtasema alikuwa mkali. Alikuwa mkali, ndiyo, lakini ukali wake ulikuwa wa asubuhi. Baada ya chai ulipungua.

Ouko ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mrefu, mkavu, na alizungumza na wateja kwa Kiswahili, na chuma kwa Kijaluo, na mimi kwa matusi. Siku ya kwanza nilipomwonyesha kiungo nilichochomelea, alikitazama sana akaniuliza, "Kuku amepita hapa?" Akanipa nyundo nikivunje. Nikachomelea tena. Akasema sasa amepita bata. Nilivunja na kurudia hadi akakosa ndege wa kunitajia, na hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yangu.

Sasa niwaeleze kuhusu Karai.

Karai lilikuwa gari la Kiingereza la zamani sana, la rangi ya maziwa, ambalo Mzee Njuguna alilinunua ujanani. Aliposikia kwamba matajiri wa mjini wanabeba maharusi kwa magari yasiyo na paa, alichukua msumeno wa chuma akakata paa la lake. Yeye mwenyewe, kwa mkono, nyuma ya nyumba yake. Hakumuuliza fundi. Kwa miaka mingi hakukuwa na bibi arusi wa Kawangware aliyeheshimika ambaye hakupanda gari hilo. Mvua ikinyesha lilijaa maji hadi kwenye viti, ndipo watu wakaliita Karai, kama lile la kubebea zege. Mzee akatoboa matundu sakafuni maji yatoke. Matundu yakaleta kutu, kutu ikala mbavu.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Gari la aina hiyo likiwa na paa ni sanduku lililofungwa. Ukikata paa unabaki na trei. Shika trei ya bati kwa ncha zake mbili, weka mzigo katikati, uone. Karai lilipinda tumboni. Bibi arusi akiketi na wasimamizi wake, milango ilifunguka yenyewe kwenye kila shimo, na barabara ya Kawangware unaijua. Mzee akaanza kuifunga milango kwa riboni, kutoka kitasa hadi kitasa, zikipita juu ya viti. Watu walisifu mapambo. Sisi mafundi tulijua kwamba zile riboni zikikatika, bibi arusi atashukia kwenye mtaro.

Kisha Wangari, kitinda mimba wa Mzee, akachumbiwa. Mzee akaja kibandani mwezi wa Novemba, amevaa kofia yake ya kanisani. "Ouko," akasema, "huyu wa mwisho hataenda kanisani akiwa amefungwa na kamba. Nitengenezee gari."

Ouko alilala chini ya Karai kwa muda mrefu mpaka tukadhani amesinzia. Alipotoka alisema linahitaji mifupa mipya. Mabomba mawili ya mraba yapite chini ya vizingiti vya milango, moja kila upande, toka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Katikati yaunganishwe na vyuma vinavyopishana kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Na kila pembe iwekewe kibamba cha pembe tatu, maana pembe isiyo na kibamba itacheza tu, hata uichomelee kwa maombi. Mzee hakutaka chuma kipya. Alikuwa na geti lake la kwanza, zito, la milango miwili, amelihifadhi tangu alipojenga ukuta. Tukalikatakata. Ilipokaribia Krismasi tukahamisha yale mabomba hadi nyumbani kwa Ouko, Kibera, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa sababu mwezi wa Desemba vyuma vya Kawangware huota miguu.

Kwa hiyo ikawa hivi. Gari na mashine ya kuchomelea viko Kawangware. Vyuma na Ouko wako Kibera. Na ule uchaguzi wa 2007 ukafika, uliowagonganisha Wajaluo wa kina Ouko na Wakikuyu wa kina Mzee.

Mambo ya wakati ule wengine mmeyasikia na wengine mliyaona mkiwa mgongoni mwa mama. Sitayarudia yote. Tulilala na viatu. Moshi ulikuwa ukitoka upande huu, kesho upande ule, na kila mtu akisikia jina la mwenzake alilipima kwanza kabla ya kujibu salamu. Ouko hakuweza kukanyaga 56, na kulikuwa na watu wa 56 ambao hawangekanyaga Kibera hata kwa kulipwa. Mimi Mkamba nilikuwa kama refa: pande zote zilinizomea, lakini zote ziliniacha nipite. Maduka yalipoanza kufungua kidogo kidogo nikarudi kazini, kwa miguu, nikipitia Ayany, ukingoni mwa Kibera.

Akinyi, mke wa Ouko, ndiye aliyenisimamisha mlangoni asubuhi moja. "Baba Mwende, nakuomba, mpe huyu mtu kazi. Ananimaliza."

Nikaingia ndani nikaona. Ouko, kwa kukosa cha kufanya, alikuwa ameimarisha nyumba nzima kwa boliti na waya. Kitanda kilikuwa na vyuma vya kupishana chini. Kigoda kilikuwa na vibamba kila pembe, hakiinuliki kwa mkono mmoja. Kibanda cha kuku kilikuwa na fremu ambayo lori lingepanda juu lisiivunje. Alikuwa sasa anakitazama kitanda cha mtoto.

"Hivyo ni vyuma vya Mzee?" nikamuuliza.

"Vile vidogo tu," akasema. "Yale mabomba marefu sijagusa. Bado."

Tukapatana papo hapo. Mimi nitapima Kawangware, nimletee vipimo kichwani, yeye akate kwa msumeno wa mkono pale Kibera, mimi nivibebe begani hadi 56 nichomelee. Wazo lilikuwa zuri. Kama si tepu, lingekuwa zuri kabisa.

Lakini kwanza njiani. Mwanamume akibeba vyuma begani wakati ule alikuwa anatafuta matatizo. Karibu na Ayany kulikuwa na vijana waliokuwa wamelaza mawe barabarani.

"Niaje mzae. Simama hapo. Hizo vyuma unapeleka wapi?"

"Kawangware."

"Za kupiga nani?"

"Hazipigi mtu. Ni za gari ya arusi."

Wakatazamana. "Arusi? Saa hii? Nani mjinga anaoa saa hii?"

Wakabishana wao kwa wao kama kuna mtu anayeweza kuwa mjinga kiasi hicho. Mmoja akasema arusi yake mwenyewe imeahirishwa, akaniuliza kama hiyo gari inakodishwa. Nikapita. Kule juu, nikikaribia Kawangware, vijana wa upande ule mwingine nao wakanisimamisha, wakaniuliza maswali yale yale kwa maneno yale yale, mpaka nikadhani wanakutana mahali kuyapanga pamoja. Nilipomsimulia Akinyi alicheka, akatoa utepe mweupe kwenye kapu lake la ushonaji, akafunga mzigo wa vyuma kwa fundo kubwa la maua. Kuanzia hapo nikawa napigiwa kelele kwa mbali: "Bwana arusi anakuja, mwachie!"

Kuna mmoja wa vijana wa Ayany alinifuata hadi kwa Ouko. Alikuwa na kipande cha reli amekibeba begani, sikumuuliza amekipata wapi kwa sababu Kibera nzima ilijua reli imeng'olewa. "Fundi," akamwambia Ouko, "weka hii kwa hiyo gari. Haipindi mpaka Yesu arudi." Nikiri kwamba macho yangu yalipenda kile chuma. Ouko akakigonga kwa nyundo, akasikiliza. Akasema, "Rudisha. Hii ni ngumu sana, ukiichomelea na rodi zetu inapasuka kando ya mshono. Halafu ni nzito kuliko gari yenyewe. Na treni ikirudi itapita wapi, kwa mdomo wako?" Vijana, liandikeni hilo mahali: chuma cha kuimarisha kisizidi ugumu wa kile unachokiimarisha. Kigumu hakipindi, kweli, ila kinampasua jirani yake.

Sasa tepu.

Tepu ya kibanda chetu ilikuwa imekatika mwanzo. Gari liliikanyaga zamani, sentimita kumi za kwanza zikaenda, kwa hiyo ilianzia kumi. Hatukununua nyingine kwa sababu tulikuwa na utaratibu. Mimi nasoma nambari kama ilivyo, napiga kelele. Ouko, ambaye ndiye mkataji, anatoa kumi kichwani kabla ya kukata. Kwa miaka yote hiyo hatukukosea hata mara moja. Mteja akisikia nasema mia moja na mbili na kuona Ouko anakata tisini na mbili alidhani tumelewa, kisha geti linaingia mahali pake kama droo.

Nilipoanza kupeleka vipimo Kibera, nikawaza: Ouko nyumbani anatumia tepu yake nzima. Masikini, ana mawazo mengi, asije akasahau. Nikatoa kumi mimi mwenyewe kabla ya kuondoka 56. Nikampelekea nambari safi. Naye Ouko, aliposikia nambari kutoka kwa Mutua, akatoa kumi, kwa sababu nambari za Mutua hutolewa kumi. Kila mmoja alimhurumia mwenzake. Hatukuambiana.

Siku niliyofika kibandani na vyuma vya kupishana, vyote, vimefungwa utepe wangu wa maua, Mzee Njuguna alikuwa ananisubiri. Kulikuwa na mambo mengine yanamkera. Macharia wa duka la rangi alikuwa amemfuata mara kadhaa kuhusu upande wa Ouko wa kibanda. Macharia hakuwa mtu mbaya, muelewe. Alikuwa mwoga, na alikuwa na makopo mengi ya rangi yasiyokuwa na pa kukaa. "Mzee, Ouko harudi," alikuwa akisema. "Na akirudi, vijana wa hapa watasema nini? Nipe hiyo kona niweke rafu." Na makopo yalikuwa yameanza kuhama yenyewe, mawili leo, matatu kesho, yanaingia upande wa Ouko. Mzee alikuwa amemjibu, "Gari likwishe kwanza, tutaona." Mimi nilimsikia akisema hivyo. Nikajua kwamba kona ya Ouko imesimama juu ya lile gari.

Na Ouko hakuwa na kona nyingine. Kwao kulikuwa na shamba, lakini alikuwa ametoka huko mdogo hata jembe hakujua kulishika. Aliniambia siku moja, akikatakata yale mabomba, bila matusi, jambo lililonitisha: "Mutua, wakichukua hiyo kona, mimi nitakuwa fundi wa kuku." Sikucheka.

Basi nikalaza chuma cha kwanza chini ya Karai. Kikapwaya. Cha pili, kikapwaya. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Mzee alikuwa amechuchumaa anaona kila kitu.

"Amenikatia fupi," akasema.

"Mzee, ngoja."

"Makusudi. Geti langu. Geti la kwanza nililowahi kununua, amelikatakata fupi ili arusi ya mtoto wangu iharibike." Sauti ilipanda. Macharia akatoka dukani. Mama wa saluni akatoka na mteja aliyesukwa nusu. "Mimi nilimtetea huyu mtu! Macharia, si nilimtetea?"

Macharia akaitikia kwa kichwa.

Siku zile neno kama hilo likitoka kwenye mdomo wa mzee mwenye kiwanja halikurudi. Nikachukua tepu nikapima pengo. "Mzee, njoo usome wewe mwenyewe. Pengo ni kiasi gani?"

Akavaa miwani. "Ishirini!" akanguruma. "Ishirini nzima! Mwizi!"

"Toa kumi."

"Kwa nini nitoe kumi? Wewe pia uko na yeye?"

"Mzee, tazama mwanzo wa tepu. Haina kichwa. Inaanzia kumi."

Akaitazama. Akaigeuza. "Hii ndiyo mmejenga nayo mageti yangu yote?"

"Ndiyo. Sasa pima pengo lingine."

Akapima, anatoa kumi kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili. Kumi. La tatu, kumi. Yote kumi, bila kuzidi wala kupungua. Nikamwambia, "Mtu mwenye nia mbaya hukata ovyo, Mzee. Huyu amekosea sawasawa kila mahali. Huyu ametoa kumi."

"Ouko alitoa kumi?"

"Alitoa. Ndiyo kazi yake."

"Na wewe?"

"Na mimi nilitoa. Nilimsaidia."

Mzee akaegemea mlango wa Karai, mlango ukafunguka wenyewe kama kawaida, akateleza hadi chini kwenye vumbi. Nikaruka kumwinua. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kofia ya kanisani ikaanguka, akafuta machozi kwa tai, akajaribu kuongea akashindwa. Mama wa saluni akaanza kucheka bila kujua sababu. Mimi nilikuwa nataka kulia, lakini nikacheka pia.

Alipopata pumzi akasema, "Nyinyi wawili mkikaa mbali mbali mtaniulia gari. Mwite aje."

"Haji, Mzee."

"Kwa nini?"

"Anaogopa. Na mimi siwezi kumwambia njia ni salama. Mimi ni mpangaji tu. Anayeweza kusema neno hilo hapa ni mwenye hapa."

Mzee akaenda nyumbani kunywa chai. Aliporudi alikuwa na ufunguo wa gari mkononi.

Nitangulize kidogo, msije mkaruka kurasa. Gari lilikwisha, na likawa imara. Vile vipande vifupi tuliviongezea, na Ouko akanifundisha wakati huo mambo ambayo sasa nawaachia nyinyi bure. Kwanza, kabla ya kuchomelea, gari lililopinda liinuliwe kwa jeki chini ya tumbo, taratibu, mpaka ufa wa mlango ulingane juu na chini. Tulipima ufa kwa kadibodi ya pakiti ya majani ya chai: ikipita kila mahali kwa ugumu uleule, simama. Ukichomelea kabla ya hapo, unalifungia gari ulemavu wake milele. Pili, milango ifungwe muda wote, maana ndiyo itakayokwambia chuma kinavutwa wapi. Tatu, usiburute mshono mrefu kama mtu anayepiga mstari. Choma kidogo kulia, kidogo kushoto, mbele, nyuma, uache kipoe, unywe chai. Joto huvuta chuma kama mtoto anavyovuta nguo ya mama, hujui mpaka umeyumba. Na nne, ukimaliza usilipake rangi siku hiyo. Lipakie watu wazito, ulizungushe mtaani, kisha ulale chini utafute nyufa. Sisi tulipakia wanakwaya wa sauti ya besi. Milango haikufunguka. Wangari alipelekwa kanisani baada ya Pasaka bila hata uzi mmoja wa riboni, na Mzee akalalamika kwamba sasa halipendezi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya tepu, Karai lilikuwa bado legelege kama zamani. Wakubwa wa nchi walikuwa wamekwisha kushikana mikono kwenye televisheni, ila mtaani hakuna aliyejua ni nani aanze. Mzee akafunga milango kwa riboni, akaniambia niketi nyuma. Nikaketi kama bibi arusi. Tukashuka hadi Ayany, polepole, tumbo la gari likilia kwenye kila tuta. Nilikuwa nimempigia Ouko simu. Alikuwa amesimama kando ya barabara na Akinyi, amevaa ovaroli lake la kazi, limefuliwa na kupigwa pasi. Sijawahi kuona ovaroli lililopigwa pasi, si kabla ya siku hiyo wala baada.

"Ouko," Mzee akasema, bila hata salamu. "Umenikatia gari fupi."

"Ni huyu, Mzee," Ouko akasema, akinionyesha mimi.

"Ni nyinyi wote. Ingia."

Ouko hakuingia. Akatazama barabara ya kule tulikotoka. "Mzee, na kule?"

"Kule ni kwangu. Ingia mbele."

Akinyi akaja akashika mlango kwa mikono miwili. Hakuwa anacheka sasa. "Baba," akamwambia Mzee, "ukimchukua asubuhi, jioni unamrudisha. Si dereva mwingine. Wewe."

"Mimi," Mzee akasema.

Ouko akaingia mbele, tukapanda kurudi Kawangware. Gari lisilo na paa halina mahali pa kujificha, lakini Ouko alijaribu. Tulipokaribia 56 alianza kuteleza kwenye kiti, mabega, kisha shingo, mpaka kutoka nyuma nikawa naona kofia tu. Katikati kabisa ya steji, penye watu wengi kuliko kote, Mzee akazima injini.

"Siendeshi kofia," akasema. "Keti vizuri."

Watu wakageuka. Wauza mitumba, makondakta, wote. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa nguvu hata vidole vikauma. Ouko akapanda juu polepole, shingo, mabega, akaketi wima na mikono juu ya magoti. Mzee akaanza kusalimia watu, mmoja mmoja, kwa jina, na kila aliyesalimiwa ilimbidi ajibu. Hakuwa na haraka. Aliuliza habari za ng'ombe wa mtu. Aliuliza kuhusu mkutano wa kanisa. Kisha sauti ya mama wa saluni ikatoka kule nyuma: "Ouko! Ulipotelea wapi wewe? Mlango wangu haufungi tangu Krismasi!"

Mtu akacheka. Mzee akawasha gari.

Kibandani, makopo ya Macharia yalikuwa yamejaa upande wa Ouko hadi kiunoni. Macharia alikuwa amesimama mbele ya makopo hayo, mikono nyuma, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Macharia akainama akachukua makopo mawili akayapeleka dukani kwake. Akarudi akachukua mengine mawili. Ouko akavua kofia, akainama naye, akachukua kopo kubwa la galoni.

"Hiyo inavuja," Macharia akamwambia, bila kumtazama. "Shika kwa chini."

"Nimeona."

Wakabeba yote, wanapishana mlangoni. Mimi nilijifanya natafuta rodi, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka kutukanwa. Lilipoisha kopo la mwisho, Macharia akaingia dukani, akatoka anaburuta rafu ya chuma yenye mguu mmoja mfupi.

"Hii inayumba," akasema.

Ouko akaitikisa, akachuchumaa, akautazama mguu. "Nani alikuchomelea? Kuku?" Akaisukuma kwenye kona yake. "Iache hapo. Kesho."

"Kesho ya ukweli ama kesho ya fundi?" Macharia akauliza.

"Ya ukweli. Uliza dereva wangu."

Mzee Njuguna akasonya. Akaelekea nyumbani kwake, akafika getini, kisha akageuka.

"Asubuhi saa ngapi?" akauliza.